Kukokotoa boriti ya mwanya wa mita nne: mkazo, kupinda na kuvunjika, hatua kwa hatua

Katika vijiji vya Ugogo bado zimesalia nyumba za tembe, ambazo paa lake ni bapa na limeshindiliwa udongo juu ya fito na magogo. Udongo ulioshindiliwa una uzito wa kilonyutoni 17 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tabaka la sentimita 20 huelemea kila mita ya mraba ya paa kwa kilonyutoni 3.4, yaani karibu kilo 350. Mvua ya Januari ikiulowesha udongo huo, mzigo huongezeka zaidi. Bati pamoja na papi zake halifikishi hata sehemu ya kumi ya uzito huo. Wazee waliojenga tembe hawakuandika hesabu, lakini walisimamisha nguzo zao karibu karibu, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba gogo linalovuka mwanya mrefu hupinda, hulia, kisha hukatika.

Leo katika viwanja vya Nzuguni, Iyumbu, Nala na Ihumwa jijini Dodoma tunajenga kwa saruji na nondo, na tunataka nafasi pana: mlango wa fremu ya duka wa mita 4, gereji ya magari mawili, sebule isiyo na nguzo katikati. Nguzo za karibu karibu tumeziondoa, na kazi yake tumeikabidhi boriti moja ya zege, ambayo kwenye saiti tunaiita bimu. Mara nyingi boriti hiyo huwekewa nondo kwa mazoea, kwa sababu jirani aliweka idadi hiyo hiyo na nyumba yake bado imesimama. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi mchundo, mwanafunzi wa chuo cha ufundi na mwenye nyumba anayetaka kuelewa kwa nini boriti hupasuka mahali fulani na si pengine. Nitachukua boriti moja na kuikokotoa kuanzia mzigo hadi nondo, kisha nitaeleza mambo ya saiti yanayoweza kuifuta hesabu yote hiyo. Kwa jengo la ghorofa, au lolote litakalobeba watu wengi, mchoro lazima utoke kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayeelewa hesabu zilizomo humu atajua maswali ya kumuuliza mhandisi huyo.

Kabla ya hesabu: kani, mkazo na urefukaji

Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kitu chenye kilo 100 huelemea kwa kilonyutoni 1 hivi, na makadirio hayo yanatosha kwa kazi ya ujenzi. Mkazo ni kani iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba. Nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba ndiyo megapaskali 1. Nondo ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Ikivutwa kwa kilonyutoni 20, mkazo ndani yake ni 20,000 ÷ 113, yaani megapaskali 177.

Urefukaji ni kiasi ambacho kitu kimerefuka, kikigawanywa kwa urefu wake wa awali. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba kitu kinyumbufu hurefuka kwa uwiano na kani inayokivuta: kivute mara mbili, kitarefuka mara mbili, na ukikiachia kitarudi kilivyokuwa. Chuma hufuata kanuni hiyo mpaka kifikie kikomo chake. Nondo yenye mbavu ya daraja la 460 hufika kikomo kwenye megapaskali 460, ambapo kwa nondo ya milimita 12 ni kilonyutoni 52, uzito wa zaidi ya tani tano. Kwa kuwa ugumu wa chuma, yaani uwiano wa mkazo kwa urefukaji, ni megapaskali 200,000, kipande cha mita moja kitakuwa kimerefuka milimita 2.3 tu kufikia hapo. Baada ya kikomo hicho nondo nzuri haikatiki papo hapo. Huendelea kunyooka kwa muda mrefu, hairudi tena urefu wake wa kwanza, na mwishowe hunyongeka shingo mahali pamoja ndipo ikatike.

Zege lina tabia nyingine kabisa. Chukua chaki ya ubaoni uipinde kwa vidole, kisha chukua waya wa kufungia nondo uupinde vilevile. Chaki hukatika bila kuonya. Waya hujikunja mbele ya macho yako na unapata nafasi ya kuacha. Zege likigandamizwa ni imara, lakini likivutwa ni chaki: nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kuhimili mgandamizo. Sanaa yote ya zege lenye nondo ni kuhakikisha kwamba siku mzigo utakapozidi, boriti itashindwa kama waya, kwa kunepa na kuonyesha nyufa, ili waliomo ndani wapate muda wa kutoka.

Hatua ya kwanza: kusanya mizigo

Mfano wetu ni boriti juu ya mlango wa fremu ya duka. Uwazi ni mita 4, na boriti inakalia ukuta sentimita 20 kila upande, hivyo mwanya wa kukokotolea, kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya egemeo, ni mita 4.2. Tunaanza kwa kukisia vipimo vya boriti, upana wa milimita 200 na kimo cha milimita 400, kisha hesabu itatuambia kama tumekisia vema.

Zege lenye nondo lina kilonyutoni 25 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo boriti yenyewe ina uzito wa 0.2 × 0.4 × 25, sawa na kilonyutoni 2.0 kwa kila mita ya urefu. Juu yake kuna ukuta wa tofali za inchi sita wenye kimo cha mita 1.2, ukuta huo pamoja na plasta pande zote mbili una takriban kilonyutoni 4.0 kwa mita ya mraba, hivyo tunapata 4.8 kwa mita. Paa la bati, kenchi na dari tunalikadiria kuwa kilonyutoni 0.5 kwa mita ya mraba, na boriti yetu inabeba upana wa mita 3 wa paa hilo, kwa hiyo ni 1.5 kwa mita. Mizigo hii mitatu haiondoki kamwe, na jumla yake ni kilonyutoni 8.3 kwa mita. Mzigo unaokuja na kuondoka, yaani fundi anayepanda kutengeneza paa na vitu vinavyowekwa juu yake kwa muda, tunaukadiria kuwa 0.75 kwa mita ya mraba, sawa na 2.25 kwa mita. Jumla ya mzigo halisi ni kilonyutoni 10.55 kwa mita.

Hapa nasisitiza jambo moja la Dodoma. Kwa kuwa maji ya bomba huja kwa mgao katika mitaa mingi, karibu kila nyumba ina tangi, na mwenye nyumba hupenda kuliweka juu. Tangi la lita 2,000 likijaa lina uzito wa karibu kilonyutoni 20. Likiwekwa katikati ya boriti hii litaongeza momenti (juhudi ya kuikunja boriti, tutakayoikokotoa katika hatua ya pili) ya 20 × 4.2 ÷ 4, yaani kilonyutoni-mita 21, ambayo inazidi kidogo ile ya ukuta, paa na boriti yenyewe kwa pamoja. Kama tangi litawekwa, lazima liwemo katika hesabu tangu siku ya kwanza. Au lijengewe mnara wake peke yake, jambo ambalo mimi huwashauri wengi.

Mizigo halisi huzidishwa kwa vipengele vya usalama kabla ya kukokotoa nondo. Kanuni za Uingereza za BS 8110, ambazo zimefundishwa na kutumika nchini kwa miaka mingi, huzidisha mzigo wa kudumu kwa 1.4 na mzigo wa kupita kwa 1.6. Kwetu ni 8.3 × 1.4 + 2.25 × 1.6, sawa na kilonyutoni 15.2 kwa mita.

Hatua ya pili: kani kwenye maegemeo na momenti ya kupinda

Mzigo ukiwa umesambaa sawasawa, kila egemeo hubeba nusu: 15.2 × 4.2 ÷ 2, sawa na kilonyutoni 32. Hiyo ndiyo kani ya mkato, yaani inayotaka kuikata boriti, iliyo kubwa kuliko zote, nayo ipo karibu na ukuta. Momenti ya kupinda, yaani juhudi ya mzigo ya kuikunja boriti, ni sifuri kwenye maegemeo na ni kubwa kabisa katikati. Kwa boriti iliyokaa tu juu ya kuta mbili, momenti ya katikati ni mzigo wa kila mita, mara mwanya, mara mwanya tena, ukigawanya kwa 8. Kwa mzigo uliozidishwa ni 15.2 × 4.2 × 4.2 ÷ 8, sawa na kilonyutoni-mita 33.6, kwa mzigo halisi ni 23.3.

Tazama kwamba mwanya umeingia mara mbili. Ukiupunguza kwa nusu, momenti inapungua hadi robo. Ukiuongeza kutoka mita 4 hadi 6, momenti inaongezeka mara mbili na robo ingawa mzigo wa kila mita haukubadilika. Hii ndiyo siri ya nguzo za tembe, na ndiyo sababu haifai kunakili nondo za mlango wa mita 3 kwenye mlango wa mita 5.

Hatua ya tatu: mkazo ndani ya boriti

Boriti inapopinda, nyuzi zake za juu hufupishwa na za chini hurefushwa, na mahali fulani katikati pana tabaka lisilofupishwa wala kurefushwa. Kadiri unavyotoka kwenye tabaka hilo kuelekea juu au chini, mkazo huongezeka, na ukubwa wake wa mwisho uko kwenye uso wa juu na uso wa chini. Kwa umbo la mstatili, mkazo huo ni momenti iliyogawanywa kwa ukinzani wa umbo, ambao ni upana × kimo × kimo ÷ 6. Galileo alikwishaonyesha mwaka 1638 kwamba nguvu ya boriti hufuata mraba wa kimo chake, ingawa aliuweka vibaya mpangilio wa mikazo ndani yake, kosa ambalo lilisahihishwa na waliomfuata.

Ukinzani wa boriti yetu ni 200 × 400 × 400 ÷ 6, sawa na milimita za ujazo 5,330,000 hivi. Momenti halisi ya 23.3 ikigawanywa kwa idadi hiyo inatoa mkazo wa megapaskali 4.4. Zege zuri la daraja la 25, yaani lenye kuhimili mgandamizo wa megapaskali 25, halitishiki na 4.4 upande wa juu. Upande wa chini ni habari tofauti: zege hilo hupasuka kwa kuvutwa na kupinda kwenye megapaskali 3 hivi. Boriti isiyo na nondo, hata ikimwagwa kwa saruji nyingi kiasi gani, ingekatika katikati kwa uzito wake na wa ukuta na paa vilivyo juu yake, na ingekatika kama chaki.

Sasa ilaze boriti hiyo hiyo ubavu, upana uwe 400 na kimo 200. Zege ni lile lile na gharama ni ile ile, lakini ukinzani wake umepungua hadi nusu na mkazo umepanda hadi megapaskali 8.7. Kunepa ndiko kunakoharibika zaidi, kwa sababu ukaidi wa boriti dhidi ya kunepa hufuata kimo × kimo × kimo. Boriti iliyolazwa itanepa mara nne ya iliyosimamishwa. Mwenye nyumba anayemwambia fundi apunguze kimo cha boriti ili mlango upate urefu zaidi amekata mahali ghali kuliko pengine popote.

Hatua ya nne: kiasi cha nondo na mahali pake

Kwa kuwa zege la chini litapasuka, mvuto wote wa chini tunaukabidhi chuma. Momenti inabebwa na kani mbili: mgandamizo wa zege juu na mvuto wa nondo chini, zikiwa zimeachana kwa umbali fulani. Kima cha kufanyia kazi hupimwa kutoka uso wa juu wa zege hadi katikati ya nondo za chini. Tukiacha kifuniko cha zege cha milimita 25, ringi (nondo nyembamba inayozungushwa kuzifunga nondo kuu) ya milimita 8 na nusu ya nondo ya 12, kima hicho ni 400 − 25 − 8 − 6, sawa na milimita 361. Umbali kati ya kani mbili tunauchukua kuwa tisa ya kumi ya hapo, milimita 325, makadirio ambayo kwa boriti ya namna hii yako upande wa usalama.

Kani ya mvuto ni 33,600,000 ÷ 325, sawa na nyutoni 103,400 hivi. Mkazo unaoruhusiwa katika nondo ya 460 ni asilimia 87 ya kikomo chake, yaani megapaskali 400. Tunahitaji, basi, milimita za mraba 258 za chuma. Nondo mbili za 12 zina 226 tu, hazitoshi. Nondo tatu za 12 zina 339, na hizo ndizo tutakazoweka chini. Juu tutaweka mbili za kushikilia ringi. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kuongeza nondo kiholela si wema. Boriti iliyojazwa chuma kupita kiasi hupasuka zege la juu kabla nondo hazijaanza kunyooka, na hapo tumerudi kwenye kuvunjika kwa chaki tuliokuwa tukiukimbia.

Nafasi ya nondo ndani ya zege ina uzito sawa na idadi yake. Nondo za chini zikiinuliwa milimita 50, kima kinashuka kutoka 361 hadi 311 na boriti imepoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu yake bila mtu yeyote kuiba kitu. Zikilazwa moja kwa moja juu ya mbao za fomu, yaani mbao za kumwagia zege, nguvu ya siku ya kwanza ipo, ila hazina kifuniko na zitaliwa na kutu. Dawa ni vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vyenye unene wa milimita 25, vilivyofungwa kwa waya chini ya ringi kila baada ya mita moja au pungufu.

Hatua ya tano: mkato na kunepa

Karibu na ukuta momenti ni ndogo lakini mkato ni mkubwa, na boriti inayoshindwa kwa mkato hupasuka kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, kutoka chini karibu na egemeo kupanda kuelekea katikati. Mpasuko huo huja ghafla. Mkazo wa mkato kwetu ni 32,000 ÷ (200 × 361), sawa na megapaskali 0.44, na zege hili pamoja na nondo zake tatu linahimili takriban 0.5 peke yake. Hata hivyo ringi haziachwi. Tutaweka ringi za milimita 8 kila baada ya milimita 200, kwa sababu pengo lisizidi robo tatu ya kima cha kufanyia kazi, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege. Kuhusu kunepa, mwanya wa milimita 4,200 ukigawanywa kwa 361 unatoa 11.6, kwa boriti iliyokalia kuta mbili, uwiano ulio chini ya 20 kwa kawaida hauleti shida.

Roshani: pale ambapo kila kitu hugeuka

Slabu ya roshani imeshikwa upande mmoja tu, na kwa hiyo hupinda kinyume: juu ndiko kunakovutwa, na chini ndiko kunakogandamizwa. Momenti yake ni mzigo mara mwanya mara mwanya ukigawanya kwa 2, yaani mara nne ya boriti yenye mwanya huo huo iliyokaa juu ya kuta mbili, na iko pale pale ukutani. Nondo kuu lazima ziwe juu, na ziingie ndani ya slabu ya nyumba kwa urefu usiopungua urefu wa roshani yenyewe. Mimi hupendelea mara moja na nusu.

Nimewahi kuitwa kutazama roshani iliyokuwa imepasuka kwa mstari mmoja mnyoofu sambamba na ukuta, miezi michache baada ya mirunda, yaani miti inayoshikilia fomu, kuondolewa. Mchoro ulikuwa sahihi, idadi ya nondo ilikuwa sahihi, na zilinunuliwa zote. Siku ya kumwaga, vijana wa toroli walizikanyaga mpaka zikalala chini, na hakuna aliyeziinua. Slabu ya milimita 150 iliyopaswa kuwa na kima cha 120 ilibaki na 40 hivi, kwa hiyo theluthi mbili ya nguvu ilipotea chini ya miguu ya watu mchana mmoja. Tangu hapo sikubali roshani imwagwe kabla ya kuona vigoda vya nondo vilivyosimama imara chini ya matandiko ya juu, na ubao wa kupitia wapita toroli.

Mirunda: kushindwa kwa kitu chembamba

Kitu kirefu na chembamba kikigandamizwa hakisubiri mkazo ufike kikomo, huchomoka pembeni. Leonhard Euler alitoa kanuni yake mwaka 1744, na kanuni hiyo inahusu kila mrunda wa mkalitusi unaosimamishwa chini ya slabu mbichi. Mzigo wa kuuchomoa mrunda hufuata kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo, na hupungua kwa mraba wa urefu.

Chukua mrunda ulionyooka wa mita 3 na ugumu wa megapaskali 10,000. Wenye kipenyo cha milimita 80 huchomoka kwenye kilonyutoni 22. Wenye milimita 60, ambao kwa macho unaonekana umepungua kidogo tu, huchomoka kwenye kilonyutoni 7. Slabu ya sentimita 15, mbao za fomu, watu na toroli vina kama kilonyutoni 5.75 kwa mita ya mraba. Mirunda ikipangwa kila mita moja, mwembamba umebakiwa na akiba ndogo mno, na uliopinda kiasili hauna akiba yoyote. Ikipangwa kila mita 1.2, kila mmoja unabebeshwa kilonyutoni 8.3 na mwembamba umekwisha kuzidiwa kabla zege halijashikana. Ukifunga mbao za kukingama katikati ya kimo, pande zote mbili, urefu unaofanya kazi unakuwa nusu na nguvu inakuwa mara nne. Sijui njia nyingine ya saiti inayotoa faida kubwa hivyo kwa misumari michache. Chini ya kila mrunda kiwekwe kipande cha ubao mpana, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hauna tofauti na uji.

Vifaa vyenyewe

Hesabu yote hapo juu imeamini kwamba nondo ya 12 ni ya 12. Nondo yenye milimita 11 halisi imepungukiwa asilimia 16 ya eneo, na rula haitakuonyesha vizuri kwa sababu ya mbavu. Tumia mizani: kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe na kugawanywa kwa 162 hutoa kilo kwa mita. Nondo ya 12 lazima iwe na kilo 0.89 kwa mita, hivyo yenye urefu wa mita 12 ikaribie kilo 10.7, ya 16 iwe na kilo 1.58 kwa mita. Ikipungua kwa kiasi kikubwa, irudishe dukani.

Zege nalo hupimwa kwa kyubu, yaani michemraba ya zege, za milimita 150, zinazovunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Kyubu ya daraja la 25 haina budi kuhimili kilonyutoni 562. Kinachoangusha kyubu nyingi ni maji yaliyoongezwa ili zege liwe laini kumwagika. Maji hayo yakikauka huacha vishimo vidogo visivyoonekana, na nguvu huondoka navyo. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na chumvi ndani ya zege hula nondo kutoka ndani, kwa hiyo maji ya kuchanganyia yawe yale yanayonyweka bila ladha ya chumvi. Baada ya kumwaga, upepo mkavu wa Julai na Agosti hunyonya maji ya juu kabla saruji haijamaliza kazi yake. Funika kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7 kamili, usiku na mchana, na bajeti ya maji hayo iwekwe mapema, kabla saruji haijanunuliwa.

Hatua ya mwisho: kuondoa mirunda na kusoma nyufa

Boriti ya mwanya wetu haiachiwi kabla ya siku 14, na kama kyubu za siku ya 7 zilikuwa dhaifu, subiri 21. Mpangilio wa kuondoa una maana yake. Kwa boriti iliyokalia kuta mbili, anza katikati kuelekea kuta, ili boriti ianze kupinda jinsi ilivyokokotolewa. Ukibakiza mrunda mmoja katikati, umeigeuza kuwa boriti mbili, na sehemu ya juu yake itavutwa mahali pasipo na nondo za kutosha. Kwa roshani, anza nchani kuja ukutani. Usisubiri kuona kama kitu kitalia: funga uzi chini ya boriti kabla, pima nafasi ya katikati, na pima tena baada ya mrunda wa mwisho.

Nyufa nyembamba kama unywele zilizosimama wima katikati ya mwanya, zisizozidi milimita 0.3, ni za kawaida, kwa kuwa ndiyo njia ya zege kukabidhi mvuto kwa nondo. Ufa wa mshazari karibu na egemeo, au ufa juu ya roshani sambamba na ukuta, unataka mirunda irudishwe siku hiyo hiyo na mhandisi aitwe. Ufa unaofuata urefu wa nondo, wenye rangi ya kutu, unaonyesha kwamba chuma kinaliwa. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika, kwenye nyumba iliyojengwa juu ya udongo wa mbuga, hautokani na boriti kabisa: msingi unainuka na kushuka kwa kuvimba na kusinyaa kwa udongo, na kuongeza nondo juu hakutautibu. Ili kuujua, chora alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe na upana wake pembeni, kisha rudi uupime mwezi Oktoba ardhi ikiwa imekauka kabisa, na tena Machi udongo ukiwa umelowa mvua.